Kibali Kimoja Hakikaushi Mto

Nina tabia ambayo mke wangu ameshaizoea na wenzangu kazini bado wanaicheka: nasoma vibali vya maji vya watu nisiowajua. Ukifungua ramani ya baraza la mkoa wa Canterbury, huko kisiwa cha kusini cha New Zealand, ukabofya kitone kilicho katikati ya shamba, unakutana na taarifa za kibali: nani kapewa, anavuta maji wapi, kiasi gani, kwa masharti gani, na kibali kinakwisha lini. Huandiki barua wala humwombi mtu ruhusa. Ukisogeza ramani kidogo unakuta kitone kingine, na kingine. Tambarare nzima kati ya milima na bahari imejaa vitone kama mtoto mwenye tetekuwanga.

Sababu ya kuanza ilikuwa ya kawaida tu. Kazi yangu ni ya mifereji na vipimo vya maji huku kwetu Kilimanjaro, na sikumbuki semina ya maji ambayo hakusimama mtu kuisifu New Zealand: wenzetu wana sheria moja, wana mabaraza yanayofuata mabonde, wana mahakama ya mazingira. Nikataka kujua kama sifa hizo ni za kweli. Nimeona kwamba karibu zote ni za kweli, na bado mito yao kadhaa imechoka. Hapo ndipo pamenishika.

Sifa kwanza, nisije nikaonekana mchoyo.

Mwaka 1989 New Zealand ilifumua mamia ya mamlaka ndogo ndogo, zikiwemo bodi za mabonde na bodi za bandari, ikaunda mabaraza ya mikoa. Mipaka ya mabaraza hayo kwa sehemu kubwa ilifuata vilele vinavyogawa maji, ili mto uanzie na umalizikie ndani ya mkoa mmoja. Mabaraza ya miji na wilaya yalibaki na viwanja na majengo. Ya mikoa yakapewa maji, udongo, hewa na pwani. Tarehe 1 Oktoba 1991 ikaanza kutumika Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali, iliyochukua nafasi ya makumi ya sheria zilizokuwa zimetawanyika huku na huko. Kazi iliasisiwa na Geoffrey Palmer wakati wa serikali ya chama cha Labour, na baada ya uchaguzi wa 1990 ikakamilishwa na Simon Upton wa chama cha National. Yaani vyama viwili vinavyopingana vilibeba mswada uleule mpaka ukawa sheria. Huyo Upton mkumbukeni, tutakutana naye tena.

Kinachonifurahisha zaidi katika sheria hiyo ni jinsi ilivyotenganisha ardhi na maji. Kwa ardhi, unaruhusiwa kufanya jambo mpaka mpango wa baraza ukukataze. Kwa maji, umekatazwa mpaka mpango au kibali kikuruhusu. Maji ya mahitaji ya nyumbani, ya kunyweshea mifugo na ya kuzima moto yameachwa nje, ilimradi matumizi ya kawaida hayo yasilete madhara. Mengine yote, pamoja na kumwaga majitaka mtoni au ardhini, yanaanzia kwenye hapana. Mwombaji anaandika tathmini ya athari, analipia gharama za kushughulikiwa, na kama maombi hayakutangazwa hadharani baraza lina siku 20 za kazi kutoa jibu. Kibali kinaweza kudumu hadi miaka 35. Asiyeridhika anakwenda Mahakama ya Mazingira.

Ukiisoma hivi unaweza kudhani kazi imekwisha. Sasa twende Canterbury tukaone ilipovujia.

Mkoa huo una zaidi ya nusu ya ardhi yote ya umwagiliaji ya New Zealand. Chini ya tambarare zake kuna tabaka nene la changarawe lililojaa maji, na juu, kwa miaka mingi, kulikuwa na kondoo na nafaka. Kuanzia miaka ya 1990 bei ya maziwa ikabadilisha hesabu. Mashamba ya kondoo yakageuzwa ya ng'ombe wa maziwa, na ng'ombe wa maziwa anataka majani mabichi hata kiangazi, kwa hiyo anataka maji. Nchi nzima, ng'ombe hao waliongezeka kutoka takriban milioni 3.4 mwaka 1990 hadi karibu milioni 6.7 mwaka 2014, na Canterbury ilibeba sehemu kubwa ya ongezeko hilo.

Jiweke kwenye kiti cha ofisa wa vibali. Mezani una maombi ya kisima kimoja. Swali lako la kisheria ni kama athari zake kwa mto na kwa visima vya jirani ni kubwa au ni ndogo. Kwa kisima kimoja, kwenye tambarare pana vile, athari ni ndogo kweli. Humwonei wala humpendelei mtu ukiandika hivyo. Kesho yanakuja maombi mengine, nayo athari zake ni ndogo. Sheria inakutaka uangalie pia athari zinazojumlishana, lakini jaribu kumwambia mkulima wa 300 kwamba yeye ndiye atakayekaushia mto wakati wenzake 299 wamepita. Atakuja na wakili na mtaalamu wa maji ya chini ya ardhi, na mtaalamu huyo atasema kweli: kisima hiki peke yake hakitapunguza kitu kinachoonekana. Haba na haba hujaza kibaba, na ndivyo kibaba kinavyomalizwa pia.

Juu ya hapo kuna utaratibu wa aliyewahi. Sheria yenyewe haikuandika waziwazi kwamba maombi yaliyotangulia ndiyo yasikilizwe kwanza, lakini mahakama, kuanzia miaka ya 1990, zikakubali kwamba ndivyo ilivyo. Baraza halikai na maombi kumi likauliza ni yapi yatakuwa na faida zaidi kwa watu wa bonde. Linayachukua moja baada ya jingine kadiri yalivyofika, kama foleni ya benki. Matokeo yake ni kwamba watu walikimbilia kuomba maji wasiyoyahitaji bado, ili wasije wakakuta yamekwisha.

Kufikia mwaka 2004 baraza lilikuwa limeanza kuchora kanda nyekundu kwenye ramani, maana yake maeneo ambayo maji ya chini ya ardhi yamegawiwa yote. Kanda nyekundu zilikuja baada ya vibali, na vibali vilikuwa na miaka mingi mbele. Kibaya zaidi, hadi kanuni za vipimo za mwaka 2010 zilipotaka kila anayevuta lita 5 au zaidi kwa sekunde afunge mita, sehemu kubwa ya maji yaliyoruhusiwa haikuwa ikipimwa ipasavyo. Mtu angeweza kujua kiasi kilichoandikwa kwenye karatasi bila kujua kiasi kilichotoka ardhini. Mimi niliyezoea kupima kwa ubao na fito ndani ya mfereji wa udongo nilicheka peke yangu niliposoma hilo, halafu kicheko kikaniisha.

Mwaka huohuo wa 2010 serikali kuu ikaingilia. Baada ya tathmini iliyoongozwa na Wyatt Creech kulishutumu baraza kwa namna lilivyosimamia maji, Bunge lilipitisha sheria ya kuwaondoa madiwani waliochaguliwa na kuweka makamishna walioteuliwa. Wananchi wa Canterbury hawakurudishiwa baraza lililochaguliwa lote mpaka 2019. Waliounga mkono hatua hiyo walisema madiwani walikuwa wamegawanyika katikati, upande wa wakulima na upande wa mto, na hawakuweza kukamilisha mpango. Waliopinga walisema haraka yote ilikuwa ya kufungua njia ya umwagiliaji zaidi. Nikitazama kilichofuata, naona pande zote mbili zilikuwa na hoja: mpango ulikamilika, na umwagiliaji nao ukaongezeka.

Halafu likajitokeza tatizo ambalo mfumo wa vibali haukuzaliwa nalo. Vibali vya zamani vilimlenga mtu mwenye bomba. Kiwanda kina bomba, bomba lina mdomo, unasimama mdomoni unapima. Ng'ombe hana bomba. Mkojo wake unaanguka shambani popote, naitrojeni iliyomo inageuka naitreti, ambayo ikizidi huchafua maji ya kunywa, mvua au umwagiliaji unaisukuma ardhini, na baada ya miaka inatokea kwenye kisima cha mtu mwingine kabisa. Mabaraza yakalazimika kutegemea programu ya kompyuta iitwayo Overseer kukadiria kila shamba linavuja kiasi gani. Hapa ndipo anaporudi Simon Upton. Akiwa sasa Kamishna wa Bunge wa Mazingira, mwaka 2018 alitoa ripoti iliyosema programu hiyo, kama ilivyokuwa, haikuwa na uwazi wa kutosha kutegemewa kama chombo cha kisheria. Sijui nchi nyingine ambako waziri aliyeikamilisha sheria amepewa kazi ya kukagua matunda yake miaka 27 baadaye. Septemba 2025 madiwani wa Canterbury walipiga kura, kwa tofauti ndogo, kutangaza dharura ya naitreti.

Kama Canterbury inaonyesha vibali vinavyojaa polepole, Otago, mkoa wa jirani upande wa kusini, inaonyesha vibali visivyokufa. Mwaka 1861 dhahabu ilipatikana mahali panapoitwa Gabriel's Gully, na watu wakamiminika. Kuosha dhahabu kunataka maji, kwa hiyo wachimbaji walichonga mifereji ubavuni mwa milima, kilomita kwa kilomita, wakapewa haki za maji kwa tarehe: mwenye tarehe ya zamani anaweza kumtaka mwenye tarehe ya karibuni afunge ili yeye apate. Dhahabu ikapungua, mifereji ikabaki, ikaanza kumwagilia malisho na bustani za matunda. Sheria ya 1991 ilipokuja haikuthubutu kuzifuta haki hizo. Ilizigeuza kuwa vibali vya mpito na kuzipa miaka 30, mwisho tarehe 1 Oktoba 2021. Nyingi kati yake hazikuwa na sharti lolote la kubakiza maji mtoni.

Miaka 30 ni mingi, ungedhani. Lakini mwaka 2019 Peter Skelton, jaji mstaafu wa Mahakama ya Mazingira, alipotumwa kuchunguza, alikuta mpango wa maji wa Otago hauko tayari kabisa kupokea wimbi la maombi mapya. Kama vibali vingetolewa chini ya mpango ule wa zamani, mtu angeweza kupata miaka 35 mingine, na haki ya mchimba dhahabu ingefika katikati ya karne hii. Suluhisho likawa la dharura: vibali vifupi, visivyozidi miaka sita kwa kawaida, wakati baraza likiandika mpango mpya.

Nikisoma habari za mifereji ya Otago najihisi niko nyumbani. Huku kwetu mifereji ya Wachagga ilichongwa kwa mikono kabla ya mkoloni, ikifuata mteremko kwa macho tu, na ukoo ulioanzisha mfereji ndio uliokuwa na kauli ya kwanza. Sisemi ulikuwa mfumo wa haki. Uliza wanawake, ambao kauli juu ya mfereji hawakuwa nayo. Ila ulikuwa na kitu kimoja ambacho kibali cha lita kwa sekunde hakina. Ulichogawiwa ni zamu, asubuhi au jioni, siku fulani. Maji yakipungua, zamu yako inabaki ileile na kilichomo ndani yake kinapungua, kwako na kwa jirani yako. Kibali cha kiasi kinamwambia mtu kwamba lita hizi ni zako, kisha kinaanza kubishana naye mto unaposhuka.

Ofisi ya Bonde la Pangani, iliyoko hapa Moshi, ilianzishwa mwaka huohuo wa 1991. Leo Tanzania ina mabonde tisa, kila bonde na bodi yake, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, na jumuiya za watumia maji chini yake. Mipaka yetu nayo inafuata maji, kwa hiyo kwenye hilo hatuna cha kuonea wivu. Tofauti ninayoiona ni nani anayemwajibisha mtoa kibali. Diwani wa baraza la mkoa kule anachaguliwa na watu wa bonde na anaendesha ofisi kwa kodi yao. Mwanachama wa bodi ya bonde huku anateuliwa. Nilikuwa nadhani uchaguzi ndio dawa. Baada ya Canterbury sina hakika tena, kwa sababu mpiga kura wa bonde mara nyingi ndiye mwenye kisima.

Iko sehemu moja ambako walifanya kinyume, nayo ni Ziwa Taupō, kilomita za mraba 616, kwenye kisiwa cha kaskazini. Maji yake yanasifika kwa uangavu. Wanasayansi walipoonya kwamba naitrojeni kutoka malishoni itauharibu, baraza la mkoa wa Waikato halikusubiri kuhukumu shamba moja moja. Liliweka kikomo cha jumla kwanza: naitrojeni inayoingia ziwani kutokana na shughuli za watu isizidi kiasi fulani. Kila shamba likapangiwa kiwango kulingana na hali yake ya kati ya 2001 na 2005. Anayetaka kuongeza ng'ombe akanunue haki kutoka kwa anayepunguza. Juu yake serikali kuu, mkoa na wilaya wakachanga mfuko wa takriban dola milioni 80 za New Zealand kununua na kuondoa kabisa asilimia 20 ya naitrojeni inayoweza kudhibitiwa, hasa kwa kugeuza malisho kuwa misitu. Kanuni hizo zilikamilika mwaka 2011 baada ya kupitia Mahakama ya Mazingira, na lengo la asilimia 20 likafikiwa.

Si hadithi ya malaika. Kupanga viwango kwa kufuata hali ya nyuma kulimzawadia aliyekuwa ameshachafua zaidi. Ngāti Tūwharetoa, wenyeji wa Kimaori wa eneo hilo, walikuwa na ardhi kubwa ambayo haijaendelezwa, na ghafla wakaambiwa ibaki hivyo kwa sababu waliotangulia wameshakitumia kikomo. Malalamiko hayo ni ya haki na hayajaisha. Tena, maji ya chini ya ardhi kule huchukua miongo kufika ziwani, kwa hiyo sehemu ya naitrojeni ya zamani bado iko njiani. Hata hivyo nikiulizwa kati ya Taupō na Canterbury ningechukua ipi, sifikirii mara mbili. Taupō walijua ukubwa wa chungu kabla ya kuanza kupakua.

Havelock North naitaja kwa sababu inaonyesha kwamba hata kibali kizuri kinaweza kulala kabatini. Agosti 2016 mji huo mdogo wa mkoa wa Hawke's Bay ulikumbwa na bakteria wa kampilobakta kwenye maji ya bomba. Maelfu ya watu waliugua, na vifo vinne vilihusishwa na mlipuko huo. Mvua kubwa ilikuwa imesomba kinyesi cha kondoo hadi kwenye bwawa lililo karibu na visima vya mji. Visima hivyo vilikuwa na kibali cha baraza la mkoa, na kibali kilikuwa na sharti la kutunza midomo ya visima. Baraza la mkoa lililishitaki baraza la wilaya, lenye visima hivyo, kisha likaondoa mashitaka. Tume ya uchunguzi ililikuta baraza la mkoa lenyewe na hatia yake: halikuijua vya kutosha hali ya tabaka lile la maji, na halikufuatilia ipasavyo sharti lililoliandika lenyewe.

Mwaka 2020 serikali ilijaribu kugeuza mpangilio wa kitaifa. Chini ya kanuni iliyopewa jina la Kimaori, Te Mana o te Wai, kila baraza lilitakiwa kupanga kwa mfuatano: kwanza afya ya mto wenyewe, pili mahitaji ya afya ya watu kama maji ya kunywa, tatu ndipo biashara na mengine. Kwa maneno mengine, kila mkoa uanze kama Taupō. Mabaraza yakapewa muda wa kuandika mipango mipya. Agosti 2023 Bunge likapitisha sheria mpya kabisa ya kuchukua nafasi ya ile ya 1991. Desemba mwaka huohuo serikali mpya ikaifuta kabla haijaota mizizi, na sheria ya 1991 ikaendelea na kazi. Mwishoni mwa 2025 serikali hiyo ikaleta miswada yake, pamoja na pendekezo la kuwaondoa madiwani wa mabaraza ya mikoa na kuweka bodi za mameya mahali pao.

Otago, katikati ya yote hayo, walikuwa wamefika mbali kuliko wengi. Mpango wao mpya wa ardhi na maji ulikuwa tayari kupigiwa kura mwishoni mwa Oktoba 2024. Mwezi huohuo Bunge lilibadilisha sheria kuzuia mabaraza yasitangaze mipango mipya ya maji mpaka serikali itoe mwongozo mwingine wa kitaifa. Vile vibali vya miaka sita, vilivyotolewa ili kusubiri mpango huo, vinaendelea kuhesabu siku zake.